Oveni ya Kumpasha Mtoto Joto

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka, na unisamehe mwandiko maana mtoto amelala mapajani na niko nje juani, mahali pekee ambapo kichwa changu kinatulia.

Mimi ni mzaliwa wa Mnyuzi, nimeolewa huku Bungu milimani, na msimu huu wa baridi nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, tumemwita Maryamu, na tangu nitoke hospitali mama mkwe wangu, Bi Hajira, amehamia kwetu kunitunza, na sitaki umfikirie vibaya, kwa sababu ananipikia uji wa pilipili manga, ananikanda kwa maji ya moto, nguo za mtoto anafua yeye, hajaniambia neno la karaha hata moja, na hapo ndipo ugumu wa barua hii ulipo.

Zamani mzazi wa huku aliwekewa jiko la mkaa chumbani, lakini nesi wa kliniki alitukataza, akasema mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua, na mama akasikia, siku hiyohiyo akalitoa nje, akasema, "Basi tutatumia hili la gesi, hili halina moshi." Mume wangu Salimu ni dereva wa Fuso la kabichi, na mwaka jana alinunua jiko la gesi lenye oveni kwa mtu aliyekuwa anahama Korogwe, tukaliweka sebuleni kwa sababu jiko la nje ni la kuni na masizi, nami nikawa naoka keki za kuuza. Sasa mama amelihamishia godoro letu hapo sebuleni, jioni anawasha oveni, anauacha mlango wake wazi ili joto litoke, anafunga madirisha, anasokomeza vitenge kila penye upenyo, tunajilaza hapo mimi, yeye na mtoto, maana Salimu usiku huwa njiani na gari, mpaka usingizi utuchukue.

Kila nikiamka kichwa kinapasuka, natapika, miguu haina nguvu, na mama mwenyewe siku hizi sala ya alfajiri inampita, yeye ambaye ndiye aliyekuwa akituamsha wote, anasema ni uzee. Nikikaa juani kidogo napona, jioni nikirudi ndani yanaanza upya. Nikisema, naambiwa mtu wa Mnyuzi hajui baridi, tena nimekumbuka kwetu. Juzi asubuhi Maryamu alikataa titi, nikamwinua nikaona amelegea kama kitambaa kilicholowa, halii, nikatoka naye nje napiga kelele, jirani akampokea akasema ni jicho la watu, tumwite mtu amsomee, na kabla hajaitwa mtu yeyote mtoto akalia mwenyewe akanyonya.

Nimemwomba Salimu nikamalizie arobaini kwa mama yangu Mnyuzi, akajibu kwamba nikiondoka nitakuwa nimemfukuza mama yake mbele ya ukoo mzima, na nikienda nisirudi. Mama namwonea huruma, mume namwogopa, mtoto namhofia, na nguvu za kugombana sina. Nivumilie mpaka arobaini iishe, au niende? Namba yangu ya simu nimeiandika chini, lakini jina langu usilitaje.

Mzazi, Bungu

*

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha. Umeniuliza habari za ukwe na ndoa, nami nitazijibu, lakini si kwanza, kwa sababu ndani ya nyumba yenu kuna kitu kinachowaua, na chenyewe hakijali nani ni mkwe wa nani.

Ni hiyo oveni. Gesi ikiungua kwenye chumba kilichofungwa inamaliza hewa safi na kutoa hewa yenye sumu ambayo huioni, huinusi, wala haikuwashi macho. Ni sumu ileile ya mkaa mliokatazwa. Kukosa moshi si kukosa sumu. Kichwa kuuma, kutapika, usingizi mzito, nafuu ukitoka nje na kuugua tena ukirudi ndani: huo si uzee, si jicho la watu, wala si kukumbuka kwenu. Nimechoka kuyaandika haya kila msimu wa baridi, lakini nitayaandika tena.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimwona mwanao amelegea, ukamwona anapona kwenye hewa, halafu jioni ukamrudisha palepale kwa kuona haya. Heshima kwa mkwe ni jambo zuri, nami ni mkwe wa watu pia, lakini heshima inayoelekea makaburini uiache njiani. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi kama kuna ufa mmoja mama alisahau kuuziba, huo ushukuruni.

Kwa kawaida barua husubiri zamu yake gazetini. Yako niliisoma leo asubuhi nikapiga simu kabla chai haijapoa. Alipokea mama mkwe wako, wewe ulikuwa bafuni. Ndiyo, nimetoboa siri yako, nikasirikie ukiwa hai. Nilimwambia azime oveni kama inawaka, afunge na mtungi, afungue milango na madirisha, mtoto atoke nje, kisha wote watatu mwende kituo cha afya leoleo, mkaseme wazi kwamba mmekuwa mkilala na oveni inawaka, maana mkisema kichwa kinauma tu mtapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa namuua?" Nikamwambia hapana, mama, ulikatazwa mkaa ukatii, hakuna aliyekutajia oveni. Sidhani kama alinisikia. Hakukata simu, nikasikia madirisha yanafunguliwa.

Oveni ni ya kuoka, basi. Hilo jiko lisiwashwe hata kwa chai mpaka fundi wa gesi alikague. Salimu Fuso lake likitoa moshi mbaya halali bila kumwona fundi, lakini jiko la mtumba kaliingiza sebuleni, na sidhani kama alibadilisha hata mpira wa gesi. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu; ukiwa wa njano na unatia sufuria masizi, zima. Mpira na maungio vipakwe maji ya sabuni, yakitoa mapovu gesi inavuja. Siku utakaporudi kwenye keki zako, dirisha liwe wazi muda wote, fungua mlango wa oveni kwanza, washa kiberiti ndipo ufungulie gesi, na moto usipowaka funga, subiri gesi itoke, ujaribu tena. Ukinusa gesi usiguse kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi kama unaufikia, acha milango wazi, tokeni.

Mtoto apashwe joto na mwili wako. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mjifunike blanketi wewe na yeye, kofia na soksi avae. Bungu watu walilea watoto kabla ya gesi kupanda mlima.

Kuhusu Mnyuzi, nenda, daktari akiruhusu, na mama mkwe wako umchukue mwende naye. Akimalizia arobaini kwa mama yako kama mgeni wa heshima, nani atasema amefukuzwa? Salimu akikataa, mpe gazeti hili alisome mwenyewe, kisha anipigie mimi.

Mchana nilipopiga tena ulipokea wewe, mkiwa kituo cha afya. Ukaniambia Maryamu ameongezewa hewa na ananyonya vizuri. Ukaniambia pia kwamba mama amemaliza kupimwa, amekaa kwenye benchi la nje, kila ukimpa mtoto anakataa kumpokea, anasema mikono yake haifai tena. Ulikuwa unaniuliza umfanyeje, simu ikakatika.

Ujumbe niliokutumia palepale kwa simu ndio huu: toka ukakae naye. Mwekee Maryamu mapajani bila kumwomba ruhusa, halafu mwambie wewe hujui kumfunga mtoto nguo vizuri, akusaidie.