Nanga Iliyoteleza Banana

Banana, mwezi wa pili 1936

Mama Louise, bibi yangu, mama ya watoto wangu,

Salamu nyingi. Sabuni uliyotuma ilifika. Huku muto unapoingia baharini iko ajabu: bahari inapanda, maji yanarudi nyuma, kisha yanageuka tena.

Mudogo wako Fidèle anarudi nyumbani Kabambare. Usimuulize sana. Wiki iliyopita mimi ndiye niliyetia nanga ya meli yetu. Nilitoa munyororo mufupi, kama tulivyozoea kule muto Lualaba, maji yanakoenda upande mumoja tu. Maji yalipogeuka, nanga ikateleza, meli ikakwama kwenye muchanga. Kapiteni akaagiza nipigwe fimbo mbele ya abiria wote, na Fidèle anishike miguu.

Akaninong'oneza, "Shemeji, unisamehe."

Nikamuambia, "Shika tu, wasikupige na wewe."

Tangu siku ile hataki kula na mimi sahani moja. Haya yangu ni kubwa, hata kukuandikia ninashindwa, lakini naona yake inazidi. Ndiyo maana ameacha kazi.

Mupikie bukari ya unga wa muhogo na samaki. Watoto wamusalimie mujomba wao kwa heshima, na umuambie ni mimi nimesema.

Mimi sitakuja kwa Pasaka. Nangoja alama zipone, watoto wasizione.

Bwana yako,
Zéphirin