Kofi Nililompiga Mama Mdogo

Shikamoo Bibi,

Usinikasirikie: leo nimempiga mwanao kofi. Mama mdogo sasa anashindana kupigana makofi, tena kwa kulipwa! Sheria yao ni kusimama tuli. Ukishtuka kabla ya kofi, ni kosa. Pambano lililopita alishindwa kwa hilo, na Jumamosi anarudi ulingoni. Nilitamani kujua mtu anawezaje kulisubiri kofi.

Basi uwani hapa Majengo akaweka mikono nyuma, mimi nikajipaka unga wa uwele kiganjani badala ya chaki ya ulingoni, nikaligusagusa shavu lake kupima.

"Piga, wewe! Mbona unanipapasa kama ndama?"

Nikamwamkia kwanza, ndipo nikapiga kwa nguvu zote. Hakushtuka hata kidogo. Aliyefumba macho ni mimi.

Jikinge na baridi ya Lushoto, Bibi, na umwombee mwanao shavu gumu Jumamosi.

Mjukuu wako,
Rehema