Mashine Haioni Kitambaa Chako Chekundu

Rispa, ulikosea. Tangu tukuzike nimebeba hili neno, na watu wananiambia ati marehemu hasemwi vibaya. Nimekataa. Wewe hukuwahi kuniacha nikae na kosa langu hata dakika moja, sasa mimi nikuachie lako kwa nini? Ulienda na stoo yote kichwani. Hukuandikia mtu hata mstari.

Naandika kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu. Mjukuu wako Nafula atakusomea hapo Bungoma, kaburini, kwa sababu magoti yangu yamekataa safari.

Stoo ya kikundi chetu cha wakulima bado iko hapa Kiminini. Lakini Nafula, tangu amalize chuo kule Kibabii, ametuwekea AI kwa simu. Mtu anaandika kile anataka, inamjibu kama mtu, halafu inatuma ujumbe kwa simu ya stoo: toa gunia fulani. Haina mikono, Rispa. Haina macho. Nafula ameipa vifaa vya humo humo kwa simu: kimoja cha kutoa mahindi ya kula, kingine cha kutoa mbegu. Kila kifaa amekiandikia maneno ya kukieleza, na mashine inasoma hayo maneno ndipo ichague. Haijui kitu kingine.

Sasa sikia msomi wako aliandika nini. Cha chakula: "Kinatoa mahindi." Cha mbegu: "Kinatoa mahindi kutoka stoo." Basi! Amemaliza! Mpishi wa shule akaomba gunia nne za mahindi kutoka stoo. Mashine ikasoma, ikaona "kutoka stoo", ikachagua, ikatoa mbegu.

Mbegu, Rispa. Zile tulipaka dawa ya wadudu. Ziende kwa sufuria ya watoto.

Mama Sifuna, ndiye anashika ufunguo siku hizi, alikuwa amepakia gunia tatu kwa pikapu. Mimi nilikuwa nje nachagua maharagwe. Nikaona kitambaa chekundu. Ile kamisi yako uliirarua ukafunga nayo midomo ya gunia za mbegu, na sisi wote tukakucheka. Nikasimama mbele ya pikapu. Dereva akapiga honi. Nikamwambia apige mpaka betri iishe.

"Si simu imesema, nyanya, kukhu wangu?" Mama Sifuna akaniuliza.

"Simu imewahi kuzika mtoto?"

Zikashushwa zote.

Kwenye kikao mwenyekiti akasema mashine ni mjinga, itupwe, na Nafula aende nayo. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea viatu. Nikainuka. Nikawaambia hiyo mashine si mjinga, ni mgeni. Ukimtuma mgeni kwa stoo ya watu na nusu ya neno, akirudi na sumu utamlaumu? Mwenyekiti akasema ati mimi sijasoma, niwaachie vijana mambo ya kompyuta. Nikamuuliza ni digrii gani ilisimamisha pikapu. Wakampa Nafula wiki moja ya kuirekebisha.

Nilijua cha kufanya kwa sababu ni wewe ulinifundisha. Mwaka wangu wa kwanza kwa kikundi ulinituma, "Leta mahindi," nikakuletea debe la mbegu, nikaanza kuosha ya kuchemsha. Ulinipiga mkono, debe likamwagika lote. Halafu ukakaa chini, ukasema, "Kosa ni langu. Nilikutuma vibaya." Kutoka hapo ulinituma hivi: "Leta mahindi ya kula, yenye kamba nyeupe. Yenye nyekundu ni ya kupanda, ina dawa, isipikwe. Kama huelewi, rudi uniulize."

Hayo ndiyo nilimwandikisha Nafula. Lakini acha nikuambie na aibu yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, nikamwambia aandike kwa herufi kubwa: MBEGU ISIGUSWE KAMWE! Kesho yake mzee mmoja akaja kuomba mbegu ya kupanda, mashine ikamnyima. Ikamwambia haiguswi. Nilikuwa nimemtisha mgeni mpaka akaogopa kufanya kazi! Tukafuta. Tukaandika vile ulikuwa unasema, kwa sauti ya kawaida: ni ya nini, ni ya nani, si ya nini, na ukishindwa uliza.

Wiki ikiisha, siku ya kikao cha pili, tukaijaribu mbele ya mwenyekiti, na maneno yale yale ya mpishi. Ikauliza: "Ni mahindi ya kula au ya kupanda?"

Rispa. Nilisikia ni wewe. Nikatafuta kiti.

Nafula amebaki. Mashine imebaki. Mwenyekiti naye amebaki, tumvumilie.

Lala, dada yangu. Nimekusamehe, ingawa sijamaliza kukasirika. Nakuahidi mimi sitakufa na kitu kichwani kama wewe. Kila kitu ninachokijua kitaandikwa, hata kama ni mpaka nipofuke.

Na wewe Nafula unayesoma, usinililie hapo kaburini. Kunja hii karatasi, urudi Kiminini leo leo. Kuna mikebe mitatu ya dawa kwa rafu ya juu ya stoo, haina neno hata moja. Njoo na kalamu.