Mto Haukuangusha Mgunga wa Baba Yako

Mpendwa Mama Ewoi,

Ejok, hujambo? Mimi niko hapa Lodwar, mifupa yote iko. Unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana, kwa hivyo naongea, na Arupe, yule mama fundi wa nguo, anaandika, cherehani ameifunika kwanza. Nimemwambia aandike kila neno vile inatoka, asinipake mafuta. Na hii barua si yako peke yako. Isomwe mbele ya kikundi chenu chote cha kutengeneza jiko huko Kakuma, akina mama wote, na huyo kijana wenu Mkongo, Bahati, akae mbele kabisa, asikie vizuri.

Kwanza niwakumbushe huyu mama ameolewa na nani. Tulipokuwa vijana, hakuna boma ilikuwa na moto kama yetu. Wanaume wengine walikuwa wanaletea bibi zao kuni. Mimi nilikuwa naleta gogo. Kichwa ya gogo iko kwa moto, mkia iko nje ya boma, ngamia wanaruka wakipita. Watu wa Lokiriama, mbali huko, waliona moshi wetu wakasema Lodwar imeungua, wakaanza kutulilia. Wewe ulikuwa unakaa karibu na hiyo moto unakohoa na kucheka. Siku hizi nikifikiria, labda ulikuwa unakohoa tu.

Sasa nifike kwa mgunga. Wageni wa Kakuma hawajui, niwaeleze. Huku kwetu miti ya kando ya Turkwel iko na wenyewe, kila boma na sehemu yake. Hata njaa ikuje aje, hukati mti ya mwenzako. Unangoja maganda ianguke, mwenyewe akuitie mbuzi zako zikule. Ule mgunga mkubwa ulikuwa wa baba yako, na alipokufa akaniachia mimi niulinde. Chini yake ndipo uchungu ulikushika ukienda kuchota maji, ukamzaa kijana wetu hapo hapo, na kwa sababu sisi tunaita huo mti ewoi, yeye akaitwa Ewoi.

Halafu siku moja ukatoka kwa mazishi ya shangazi yako kule Kalemng'orok, ukapata mti hakuna.

"Mto ulikuja na hasira," nikakuambia. "Ukauangusha, ukaubeba."

Ukaangalia kisiki. Ukaangalia tena.

"Mto ulijifunza lini kushika shoka?"

Nikasema mto ya siku hizi imesoma. Mzaha nzuri kama hiyo, na hukucheka. Asubuhi ulifunga sufuria zako na leso, ukaenda Kakuma kwa dada yako. Mpaka leo Ewoi akinipigia simu haniiti baba. Ananiita Mzee Mto.

Halafu nikaanza kusikia sifa. Ati Mama Ewoi amejifunza kutengeneza jiko ya udongo. Ati jiko yake inapika na vijiti vitatu kitu ambayo ilikuwa inakula mzigo mzima. Ati anafundisha. Na kila mtu akileta hiyo habari, katikati lazima aweke jina ya Bahati. Bahati amemwonyesha kuchanganya udongo. Bahati amesema ana mkono nzuri. Mkono gani? Huo mkono umenilisha miaka yote hiyo, nani aliniuliza?

Ndiyo maana nilikuja. Niliwaambia watu wa hapa nimetembea kwa miguu Lodwar mpaka Kakuma, viatu ya tairi ikalia, fisi ikanisindikiza kwa heshima. Sawa, lori ilinibeba kidogo. Sawa, lori ilinibeba njia yote. Lakini roho yangu ilikuwa inatembea.

Nikakupata umekaa chini na yeye, mikono yenu yote ndani ya udongo moja. Yeye anasema, "Mama, tia mayi kidogo," na wewe unatia. Mimi nikikuambia utie maji kwa chai, si tunagombana kwanza? Chai ikakuja. Kikombe ya kwanza ukampa yeye. Usikatae, niliona, niliihesabu.

Akanikaribisha kama hiyo nchi ni yake. "Baba, karibu, ikala hapa chini. Bibi yako anafanya muzuri sana."

"Najua," nikamwambia. "Nilimwoa kabla ya wewe kujifunza kupenga kamasi."

Akina mama walicheka. Wewe ukanitupia donge ya udongo. "Kanda. Mdomo yako tunaijua, tuonyeshe mikono."

Basi nikakanda. Na wewe ukanipa somo mbele ya wote, ati moshi ya kila nyumba inapanda, inajikusanya huko juu, jua inazidi kuwa kali, mvua inapotea njia.

"Kwa hivyo mimi na koroboi yangu ya mafuta ya taa ndio tumefukuza mvua Turkana?" nikauliza. "Na malori yote inapita hapa barabarani mchana kutwa?"

"Malori nimeachia wenye malori," ukasema. "Mimi niko na jiko. Wewe uko na nini?"

Nikanawa mikono, nikatafuta lori. Nilirudi Lodwar nikiwa nimevimba kama ngamia imekunywa mara mbili. Na nikaapa huyo Mkongo hatanishinda kwa nyumba yangu mwenyewe.

Sasa sikia, Bahati. Koroboi nimetupa. Niko na taa ya jua, naianika juu ya paa asubuhi pamoja na nyama, na ile mbuzi nyekundu imeshajaribu kuilamba. Maharagwe naloweka kutoka asubuhi, halafu ikichemka naondoa kwa moto, navalisha sufuria shuka yangu ile nzito, nafunika tena na gunia, naiacha ijipike yenyewe. Majirani walikuja kuangalia mzee analaza sufuria kama mtoto. Wakacheka mpaka wakaonja. Makaa ikibaki nazima na mchanga, kesho inafanya kazi tena. Maji ya kuosha vyombo inaenda kwa ule mwarobaini wa mlango. Boda boda wa hapa wameniacha, wanajua nitaenda sokoni kwa miguu nikiwatukana. Kiatu ikikatika nashona, ndoo ikitoboka naziba. Chakula haimwagwi, na ikibaki inaliwa kesho, hata kama imekasirika. Kwa hii Lodwar, hakuna boma inatoa moshi kidogo kama yangu. Nimekuwa mtu safi mpaka mbu wananikosa.

Arupe ameuliza, "Mzee, na ni nani anakuona?"

Huyu mwanamke ananyamaza siku nzima halafu anadunga mara moja. Barua tukaiacha hapo, nikafikiri hiyo swali siku mbili. Kweli, ninavalisha sufuria shuka na hakuna mtu wa kumwambia. Nikipika kidogo, hakuna wa kuniambia ni kidogo. Mama Ewoi, mimi sioni wivu ya udongo. Sioni wivu hata ya ile chai, ingawa ilikuwa yangu. Bahati akisema kitu, unafanya bila kumwangalia uso. Mimi nikisema kitu, hata nikisema jua ni moto, kwanza unatoka nje kuangalia. Hiyo ndiyo inaniuma. Na hiyo imani yako haikuchukuliwa na Mkongo. Niliimwaga mwenyewe.

Kwa hivyo sikieni wote, na Arupe asiruke neno. Mto haukuangusha ule mgunga. Ni mimi. Nilikata siku mbili, nikaufanya makaa, nikauza barabarani, nikaambia wanunuzi ni mti ya huko Kainuk.

Na sikukata kwa sababu ya njaa. Mwaka ule mbuzi zilikuwa nono. Nilikata kwa sababu kila mgeni akipita kando ya mto alikuwa anakuuliza, "Huu mti mzuri ni wa nani?" na wewe unasema, "Ni wa baba yangu." Unasema ukiwa umeinua shingo. Mimi niliulinda miaka yote hiyo, nikafukuza ngamia za watu, nikafukuza mashoka za watu, na hata siku moja hukusema, "Mume wangu ndiye anaulinda." Nikaonea wivu mtu alishakufa. Nikaonea wivu mti. Mzee mzima na mvi, nashindana na kivuli.

Nimeenda kwa kaka yako Lokwawi nikamwambia hivyo hivyo. Akaita wazee. Wamenitoza mbuzi, ile nyeusi kubwa, wakaila hapo mtoni nikiwaangalia. Wameipika kwa moto mkubwa ya kipumbavu, nikashindwa kunyamaza, nikawaonyesha kupunguza kuni. Karibu watoze ya pili. Sehemu ile ya mto sasa anailinda Lokwawi, si mimi. Ni haki.

Ningependa kukuambia kisiki kimetoa majani. Ni uongo nzuri sana, na Arupe mwenyewe ameuliza kama aandike hivyo kidogo, ndio roho yako ilainike. Hapana. Nimeenda kuangalia. Kisiki kimekauka, mchwa wako ndani.

Sitakuambia urudi Lodwar. Nyumba yenye nilikudanganya ndani yake, nikuite kwa mdomo gani? Mbuzi zilizobaki nimeachia Lokwawi. Jumamosi nitakuja Kakuma na lori, na mara hii sitasema nilitembea. Mimi nitakanda pale mwisho wa mstari, Bahati aniambie tia maji nitie. Chai nipewe mwisho kabisa, hata ikiwa baridi.

Nitakuja na ekicholong' yangu, kile kiti kidogo mwanaume wa kwetu anakalia na kulalia kichwa. Ukiona nimeiweka chini karibu na jiko lako, ujue nimekuja kukaa, usiniulize nitarudi lini. Kama hutaki, usiseme kitu mbele ya watu. Isukume tu kidogo na mguu. Nitaiinua.

Ni mimi mumeo,
Baba Ewoi