Ile Waya ya Freni

Baba Grâce,

Pikipiki ya Kabambare imefika mapema, naenda kuona dada yangu na mutoto wake mupya. Sombe iko ndani ya sufuria. Dawa ya Baba yako umupe saa sita, asikudanganye kama amekwisha kunywa.

Sasa ukae kwanza. Asubui hii nilikuwa napangusa meza, nikamuwekea muzee mu mikono ile lokomotive yako kubwa, kichwa ya treni yenye ulitengeneza na mikebe ya sardini. Unajua macho yake haione tena. Akaipapasa pole pole, gurudumu moja moja, mpaka nyuma. Kidole ikasimama.

"Hapa kunakosa bomba ya freni, ile ya kusimamisha treni."

~~Labda Grâce aliichezea~~ Hapana. Ni miye. Juzi nilichomoa kale kawaya ka nyuma, nikafunga nako mulango ya kuku. Na vile nilikuwa nakuchekaka na tutreni twako! Kumbe hukusahau hata kitu kimoja. Na yeye, tangu aache kuendesha treni pale stesheni ya Samba ni miaka makumi mbili, lakini kidole yake ilijua kitu yenye miye, na macho mazima, niliona ni pambo tu.

Ufungue waya kwa kuku, uirudishe leo. Mukebe ya maziwa nimekuoshea, utengeneze treni ingine.

Ila usimunyanganye ile lokomotive. Iko kwa mapaja yake, ameishika na mikono mbili. Anasema bila freni, haitoke Samba.

Mama Grâce