Amen ya Gatitu

Jumapili, 3 Julai 1994
Mazoezi tena baada ya ibada. Besi wamechelewa, soprano wanapiga gumzo. Wiki ya tatu nikifundisha kwaya hapa Gatitu, na bado niko kwa majaribio. Mgeni kutoka makao makuu anakuja tarehe 24. Mzee Karanja, mwenyekiti, amesema wazi: kwaya ikiaibisha kanisa, mwalimu arudi kwao Endarasha. Kwetu ni viazi na baridi. Sitaki.

Jumatano, 6 Julai
Nimefungua kinanda. Fa ya chini haitoi sauti, tena ni miaka mingi. Ndiyo maana Amen yao ina huzuni, kama watu wanaoaga maiti. Inatakiwa kuanza kwa fa, la, do. Bila fa, la ndiyo inabeba mzigo. Nimekwangua nta ya mshumaa iliyoganda ndani. Fa imelia. Nimejisifu peke yangu.

Jumapili, 10 Julai
Balaa. Nimepiga Amen kamili, fa na yote. Nusu ya kanisa wamenyamaza katikati. Wengine wamebaki wamesimama, wakingoja. Mzee Karanja ananiambia nimeharibu kinanda. Mimi! Cucu Nyawira, bibi aliyeimba alto hapa tangu usichana, akanishika mkono.

"Mwalimu, hiyo Amen yako haijafika."

Hasira.

Alhamisi, 14 Julai
Saa mbili nzima za Amen sahihi. Nikiwatazama, wanaimba vizuri. Nikigeuka, besi wanarudi kwa la yao bila kufikiri. Masikio yao yanajua kinachokuja kabla kidole changu hakijashuka. Nikiwaletea kingine, hata kiwe sahihi namna gani, wanaona wamenyimwa. Kweli mazoea yana taabu. Siku kumi zimebaki. Naogopa.

Jumapili, 24 Julai
Mgeni alikaa mbele. Nikakanyaga pedali, wimbo baada ya wimbo. Kufika Amen, nikainua kidole kutoka kwa fa. Kidole kimoja tu. Kanisa lote likaitikia, mabati yakavuma, wakaketi pamoja. Mgeni amesifu. Nimepewa kazi. Cucu Nyawira anasema afadhali kinanda kimepona. Nimefunga kifuniko cha kinanda.

Jumapili, 14 Agosti
Endarasha, likizo. Kanisani na mama. Kinanda chao ni kizima, na Amen ni ile niliyokulia, fa na yote. Watu wakaketi. Mimi nikabaki nimesimama, nangoja ifike. Mama akanivuta koti.