Dole Gumba Nimeondoka Nalo

Mama Baya,

Uji umo chunguni, kuku nimewafungulia. Ulipokuwa kisimani, mwanao alikuja na tajiri kuhesabu minazi aliyoiacha baba iwe ya ukoo, isiuzwe. Baya ataka kuiweka rehani anunue lori. Warithi ni mimi na dada Kaviha, naye keshatia dole gumba. Limebaki langu tu. Nikamwambia tajiri kwamba marehemu hushuka usiku akamtafuna agusaye minazi yake. Akacheka tu! Watarudi adhuhuri.

~~Mwambie Baya nimekataa.~~

Mwambie nimekwenda Mtongwe kuposa mke wa pili. Ukweli usimwambie: aliponiita "baba" kwa ile sauti yake ya utotoni, mkono wangu ulikuwa umeshaufikia wino.

Baba Baya